Anza na kurasa za nyuma: namna ya kutengeneza gazeti mbadala la kila wiki

Wengi wanaotaka kuanzisha gazeti mbadala la wiki, yaani gazeti dogo la mji linalochanganya burudani na siasa nje ya magazeti makubwa, huja na stori moja mkononi. Kuna kigogo kala fedha, karatasi wanazo, magazeti makubwa yamenyamaza. Nawasikiliza mpaka mwisho, halafu nawauliza: toleo la pili litakuwa na nini? Wengi hawajafikiria.

Gazeti la wiki linaishi kwa mazoea ya msomaji. Analiokota siku ileile, mahali palepale, kwa sababu anataka kujua Ijumaa usiku aende wapi, bendi gani inapiga, filamu gani imefika. Akiwa analipekua anakutana na habari ya siasa ambayo hakuwa akiitafuta. Ile orodha ya maandishi madogo kwenye kurasa za nyuma, ratiba ya matukio, ndiyo inayoubeba ukurasa wa mbele. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa imani hiyo, kwa hiyo usishangae siasa ikichelewa kufika.

Kama unadhani natia chumvi, itazame Boston. Boston After Dark lilianza miaka ya 1960 kama gazeti la kuwaelekeza watu mahali pa kwenda jioni. Baadaye likawa The Boston Phoenix, na Machi 2001 Phoenix likachapisha uchunguzi wa Kristen Lombardi kuhusu namna Kadinali Bernard Law, askofu mkuu wa Boston, alivyolishughulikia suala la padri aliyewadhulumu watoto. Mfululizo wa gazeti kubwa la kila siku, Boston Globe, kuhusu jambo hilohilo, ule ambao dunia nzima inaukumbuka, ulianza Januari 2002.

Hatua ya 1: Chora mpaka

Chukua ramani, weka kidole mahali unapoishi, uliza: mtu anaweza kutoka hapa baada ya kazi, akafika kwenye onyesho, na akarudi kulala kwake bila kukopa nauli? Anapoweza kufika ndipo penye gazeti lako. Mipaka ya kiserikali isikusumbue, fuata njia za mabasi. The Village Voice, lililoanzishwa mwaka 1955 na Dan Wolf, Ed Fancher na Norman Mailer, lilianza kama gazeti la mtaa mmoja wa New York, Greenwich Village, na jina lake likabaki la mtaa huo hata lilipokuwa linasomwa nchi nzima.

Hatua ya 2: Jenga ratiba kabla ya kitu kingine chochote

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ratiba nzuri inaonekana kama orodha tu, lakini nyuma yake kuna mtu aliyepiga simu sitini.

Anza kwa kuandika kila mahali ndani ya mpaka wako ambapo watu hukusanyika: kumbi za muziki, majumba ya sinema, baa zenye jukwaa, vyumba vya ibada vinavyokodishwa kwa kwaya, maktaba, vyuo, viwanja, nyumba za sanaa. Weka na mikutano ya hadhara, vikao vya baraza la mji vilivyo wazi kwa wananchi, na usikilizaji wa kesi zenye maslahi ya umma. Hapa ndipo magazeti mengi hukosea, yanaiacha siasa nje ya ratiba kana kwamba haina ukumbi wala saa.

Kila sehemu ipewe kadi yake, ya karatasi au ya kompyuta, haijalishi: jina, mtaa, simu, jina la anayejua programu (mara nyingi siyo meneja, ni fundi mitambo), na siku anayopatikana. Kisha mpe kila mmoja siku ya mwisho ya kuleta taarifa. Watakaozingatia ni wachache. Waliobaki utawapigia wewe.

Taarifa yenyewe iwe na mpangilio usiobadilika. Siku, saa, nani, wapi, mtaa gani, kiingilio. Halafu sentensi moja. Hiyo sentensi moja ndiyo uandishi wa habari wote uliomo humo, na ndiyo inayotenganisha gazeti na ubao wa matangazo. "Bendi maarufu itatumbuiza vilivyo" haimsaidii mtu yeyote, maana wanaopiga wote ni maarufu na wote hutumbuiza vilivyo. Jaribu: "Gita mbili na ngoma moja, wimbo mmoja hufika dakika kumi na tano, vaa viatu vya kusimamia." Msomaji sasa anajua kama ni usiku wake au la.

Kati ya taarifa mia moja, chagua tano au sita uziwekee alama ya nyota na aya fupi ya kueleza sababu. Chaguo liwe la mhakiki na jina lake liwe chini. Usiweke nyota kwa sababu ukumbi umenunua tangazo. Watu wataenda, watachoka, na kuanzia siku hiyo nyota zako zitakuwa mapambo.

Hakikisha kila saa na kila kiingilio kwa simu, hata kama vimeandikwa kwenye bango. Toleo letu la tatu liliandika saa mbili usiku kwa onyesho lililoanza saa kumi na mbili jioni. Niliyekosea ni mimi, niliamini bango la mwezi uliopita. Watu walifika wakakuta wanamuziki wanakunja nyaya. Siku tulipokosea jina la waziri hatukupata barua hata moja. Kwa kosa hili tulipata barua kwa muda mrefu.

Hatua ya 3: Funga siku ya kutoka, kisha hesabu kurudi nyuma

Alhamisi asubuhi ni siku nzuri. Watu huanza kupanga wikendi siku hiyo, na katika nchi nyingi filamu mpya huanza Alhamisi au Ijumaa. Jumatano nayo inafaa. Jumatatu haifai kabisa, ratiba yako itakuwa imechuja kabla ya Ijumaa.

Ukishaichagua, rudi nyuma. Gazeti linatoka Alhamisi, kwa hiyo kiwanda kinachapa Jumatano usiku, kwa hiyo kurasa zinatumwa Jumatano alasiri. Stori ya mbele inafika kwa mhariri Jumatatu asubuhi ili Jumanne ibaki kwa maswali, picha na wakili. Uhakiki wa muziki na filamu unafungwa Jumatatu jioni. Ratiba inafungwa Ijumaa iliyotangulia, na Jumanne inafanyiwa ukaguzi mmoja wa simu kwa yaliyobadilika. Matangazo ya biashara yafungwe mapema, Ijumaa au Jumatatu asubuhi, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamua una kurasa ngapi.

Waandishi wapya hawapendi kusikia hilo la mwisho. Kurasa za gazeti huongezeka kwa nne nne, wakati mwingine kwa nane nane kulingana na mtambo. Matangazo yakipungua, kurasa nne zinaondoka, na pamoja nazo stori yako ya maneno elfu tatu. Mhariri mzuri huwa na stori mbili zisizochacha ndani ya droo, na anajua ipi ikatwe bila kuuawa.

Hatua ya 4: Tafuta watu

Watano wanatosha kuanza: mhariri, mwandishi wa siasa, mtu wa ratiba (ambaye pia anaandika muziki), msanifu wa kurasa, na muuza matangazo. Filamu, katuni na picha wape waandishi na wasanii wa kujitegemea, na uwalipe kwa tarehe uliyosema. Kwa katuni usibane mkono: Matt Groening, aliyebuni The Simpsons, kabla ya televisheni kumjua alikuwa akichora katuni za kila wiki katika gazeti la Los Angeles Reader.

Mtu wa ratiba asiwe mwanafunzi wa mazoezi anayebadilishwa kila miezi mitatu. Ndiye anayejua mji kuliko mhariri.

Hatua ya 5: Uhakiki wa muziki na filamu

Lipa kiingilio chako. Kama ukumbi unasisitiza kukupa tiketi ya bure, ipokee kwa sharti kwamba haijanunua chochote, na uliseme sharti hilo kwa sauti mbele ya aliyekupa. Kwa filamu, maonyesho ya awali ya wanahabari hayakwepeki ukitaka uhakiki utoke kabla filamu haijaanza. Nenda, ila ukipata nafasi rudi ukaitazame tena pamoja na watu walionunua tiketi. Kicheko cha ukumbi uliojaa ni sehemu ya habari.

Andika ulichosikia kabla ya ulichofikiria. Besi ilikuwa wapi, mwimbaji alianza mbele ya ngoma au nyuma yake, watu walisogea jukwaani kwenye wimbo wa ngapi. Uhakiki mwingi unaofika mezani kwangu una maoni kuanzia mstari wa kwanza na sauti hakuna mpaka mwisho. Namrudishia mwandishi na swali moja: asiyekuwepo amesikia nini?

Kuna ugumu ambao mhakiki wa gazeti kubwa haujui. Mpiga gita uliyemponda Alhamisi utakutana naye kwenye foleni Jumamosi. Usilegeze kalamu kwa hilo, lakini lichukulie kama kipimo: usiandike sentensi ambayo usingeweza kuisimamia ukiwa umesimama naye. Msanii anayeanza, mwenye watazamaji ishirini, hana haja ya kupondwa. Mwache tu bila kumtaja mpaka awe na cha kusemwa. Aliyejaza uwanja ndiye wa kupimwa bila huruma.

Na filamu isiishie kwenye hadithi na waigizaji. Kwa nini jumba lenu la sinema linaonyesha hii na siyo ile? Nani anaamua? Jumba likifungwa, jengo linakuwa nini? Ukiuliza hivyo ukurasa wa filamu unaanza kugusana na ukurasa wa siasa, na kugusana huko ni jambo ambalo gazeti la kila siku, lenye madawati yaliyotenganishwa na kuta, hulifanya kwa shida.

Hatua ya 6: Sasa siasa

Usishindane na gazeti la kila siku, wala na simu za watu. Yaliyotokea jana wameshayajua. Kazi yako ni kueleza limetokeaje, nani amelipa, nani atalipa, na kwa nini hakuna aliyeuliza.

Njia ninayoiamini ni hii. Chukua ajenda ya kikao kijacho cha baraza la mji au bodi yoyote ya umma. Yaruke yanayopigiwa kelele. Tafuta kipengele kinachochosha: kubadilisha matumizi ya kiwanja, kuongeza muda wa mkataba wa taka, kupitisha matumizi ya ziada. Omba nyaraka zake kwa maandishi, ukitumia sheria ya kupata taarifa kama nchi yako inayo. Chora safu tatu kwenye karatasi: aliyeomba, aliyeidhinisha, aliyelipwa. Jina likijitokeza katika safu mbili, una stori. Lisipojitokeza, umejifunza mkataba wa taka unavyofanya kazi, na utauhitaji.

Mahali pengine ni mahakamani, kwenye chumba kisicho na mwandishi mwingine. Mwaka 1989 John Conroy wa Chicago Reader alikuwa akiketi kwenye kesi ya madai ambayo vyombo vingine havikuipa uzito: mfungwa aliyewashtaki polisi akisema walimtesa. Makala yake ndefu ilitoka Januari 1990. Mji haukutikisika. Aliendelea kuandika juu ya jambo lilelile mwaka hadi mwaka. Kamanda aliyetajwa, Jon Burge, alifukuzwa kazi mwaka 1993, akatiwa hatiani mwaka 2010 kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki, na mwaka 2015 jiji la Chicago likapitisha fidia kwa walioteswa. Hesabu miaka: ishirini na mitano. Gazeti la wiki linaweza kusubiri hivyo kwa sababu wiki ijayo lipo tena, na kurasa za nyuma zinalipa kodi ya nyumba wakati mwandishi anasubiri.

Kabla ya kuchapa, mpe kila anayetuhumiwa nafasi halisi ya kujibu. Siku mbili kamili, maswali kwa maandishi, kila tuhuma imetajwa. Kupiga simu saa kumi na moja jioni siku ya kupeleka kurasa kiwandani halafu kuandika "hakupatikana" ni ujanja, na mahakama nazo zinaujua. Majibu yake yaweke pale tuhuma ilipo, usiyafiche kwenye aya ya mwisho. Tafuta wakili anayesoma haraka. Mwambie akuonyeshe sentensi ya hatari na namna ya kuithibitisha. Wakili anayejua kufuta tu atakuachia gazeti la ratiba peke yake.

Sauti yako iwepo. Magazeti mbadala hayakujifanya kuwa hayana upande, na hicho ndicho kilichowavuta wasomaji. Ila upande wako uonekane katika ulichochagua kukitazama, siyo katika ulichokiacha. Hoja ya nguvu inayokupinga ikikosekana kwenye stori, msomaji makini ataiona hiyo nafasi tupu.

Na angalia maneno. Mwaka 2004 Willamette Week la Portland lilifichua kwamba gavana wa zamani wa Oregon, alipokuwa meya miaka ya 1970, alimdhulumu kingono msichana wa miaka 14. Gazeti kubwa la jimbo, katika habari yake ya kwanza, likauita uhusiano wa kimapenzi, na likalaumiwa vikali na wasomaji. Nigel Jaquiss wa Willamette Week alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2005. Lugha ya upole kwa mkubwa huingia kimyakimya, mara nyingi kwenye kichwa cha habari, ambacho huandikwa na mtu aliyechoka saa nne usiku. Kisome mara ya pili.

Hatua ya 7: Maisha ya mtaani

Mtume mwandishi mahali pasipo na tukio: kituo cha basi alfajiri, kinyozi, ofisi ya leseni, mkahawa usio na jina mlangoni. Jonathan Gold wa LA Weekly alipata Pulitzer ya uhakiki mwaka 2007, mhakiki wa kwanza wa mikahawa kuipata, akiwa amejenga jina kwa kula kwenye vijimkahawa vya wahamiaji ambavyo wenzake walivipita na gari. Aliandika chakula na ndani yake ukausoma mji mzima, nani amehamia mtaa gani na katokea wapi.

Sharti ni moja. Mwandishi aende mara tatu kabla ya kuandika. Mara ya kwanza watu wanaigiza.

Hatua ya 8: Pesa

Magazeti mengi ya aina hii hutolewa bure, mtindo ambao Chicago Reader liliuanza mwaka 1971 na ukaenea. Hata The Village Voice, lililokuwa likiuzwa, likawa la bure Manhattan mwaka 1996. Gazeti la bure huishi kwa matangazo, na magazeti mengi hulenga nusu ya nafasi au zaidi kidogo iwe ya matangazo. Wauzie wale waliomo kwenye ratiba yako: kumbi, maduka ya muziki, mikahawa, vyuo. Biashara ndogo nyingi ni salama kuliko kubwa moja, kwa sababu kubwa moja ikinuna unafunga.

Miaka ya nyuma nguzo ilikuwa matangazo madogo: vyumba vya kupanga, kazi, gita la kuuza, mwanamke anatafuta mwenzi. Craigslist, iliyoanza San Francisco mwaka 1995, ikayatoa bure kwenye intaneti na nguzo ikaondoka. Maji yalipozidi unga, wamiliki wengine waliegemea matangazo ya biashara ya ngono. Mtandao wa Backpage, uliozaliwa ndani ya kampuni iliyomiliki mlolongo wa magazeti ya wiki, ulikamatwa na kufungwa na serikali ya Marekani mwaka 2018. Amua mapema ni tangazo gani hulichukui, liandike, na ulibandike karibu na meza ya muuza matangazo. Ukisubiri mwezi wa njaa ndipo uamue, njaa itaamua.

Usitegemee kumbi peke yake vilevile. Mwaka 2020 kumbi na baa zilipofungwa kwa sababu ya korona, The Stranger la Seattle lilisimamisha uchapaji na kupunguza watu. Ongeza michango ya wasomaji, toleo la kila mwaka la wasomaji kuchagua bora wa mji, na matukio ya gazeti lenyewe. Watu wa The Austin Chronicle walikuwa miongoni mwa walioanzisha tamasha la South by Southwest mwaka 1987. Njia ya kuwa taasisi isiyo ya faida nayo ipo; Chicago Reader liliifuata mwaka 2022.

Muuza matangazo na mwandishi wakae vyumba tofauti. Kama mna chumba kimoja, wapeane migongo.

Hatua ya 9: Sambaza, hesabu, sahihisha

Weka nakala mahali watu wanaposubiri: milango ya kumbi, vituo, migahawa, mapokezi ya vyuo. Tumia mtu yuleyule kwenye njia ileile, na mpe daftari. Kila Alhamisi, kabla ya kuweka toleo jipya, ahesabu yaliyobaki ya wiki iliyopita na kuandika. Mahali panaporudisha zaidi ya robo, punguza nakala. Mahali pasiporudisha kitu, ongeza mpaka paanze kurudisha chache, vinginevyo hujui wangapi walikuta sanduku tupu wakaondoka.

Masahihisho yawe mahali pamoja kila toleo, mwanzoni mwa gazeti, na yaseme kosa lilikuwa nini na lililo sahihi ni lipi. Kosa la ratiba lina hatua moja ya ziada: mpigie mwenye ukumbi kabla hajakupigia. Siku nyingi utamkuta amekasirika. Mwulize pia wiki ijayo ana nini, maana kesho ni Ijumaa na ratiba inafungwa.